Herbert Garratt, fundi aliyepandisha mizigo ya bara

Sisi wa nchi zisizo na bahari tunajua kwamba bei ya sabuni au bati hupangwa njiani, kabla mzigo haujafika sokoni. Kwa sababu hiyo leo napenda kuwasimulia wasomaji maisha ya Herbert William Garratt, Mwingereza aliyeunda aina ya garimoshi iliyobeba bidhaa zetu kutoka pwani kwa zaidi ya miaka 50. Wale waliokulia uhamishoni Kenya na Uganda, nikiwamo mimi, waliziona injini hizo kwa macho, lakini wachache walimjua mwenyewe.

Garratt alizaliwa London mwaka 1864. Akiwa na miaka 15 aliingia karakana ya reli ya Bow, jijini humo, kujifunza ufundi. Mwaka 1889 alivuka bahari kwenda Argentina, na miaka mitatu baadaye akawa mkuu wa injini katika kampuni moja ya reli huko. Kisha alifanya kazi Cuba, Lagos na Peru. Mtu aliyezunguka hivyo hakukosa kuona tatizo lililosumbua reli za nchi changa: mizigo inaongezeka, milima ni mikali, kona ni nyingi, na vyuma vya reli ni vyembamba. Ukileta injini kubwa, uzito wake unavunja njia. Ukileta ndogo, mzigo unabaki bandarini.

Aliporudi Uingereza alipewa kazi ya kukagua vifaa vya reli vilivyokuwa vikiundwa kwa ajili ya Australia. Inaelezwa kuwa wazo lake lilimjia alipokuwa akifikiria namna ya kubeba mizinga mizito juu ya reli. Mwaka 1907 aliomba hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester ikakubali kumuundia.

Msomaji ataelewa kazi yake akikumbuka machela tunayobebea mgonjwa milimani. Mbebaji mmoja yuko mbele, mwingine nyuma, na mgonjwa yuko katikati. Njia ikipinda, kila mbebaji anapinda kwa wakati wake. Garratt alifanya vivyo hivyo. Boila aliliweka katikati, likining'inia bila magurudumu chini yake. Mbele na nyuma aliweka mitambo miwili, kila mmoja na magurudumu yake, ikiwa imebeba pia maji na mafuta au makaa. Boila likawa nene na lenye moto mwingi, uzito ukagawanyika kwenye magurudumu mengi, na kona kali zikapitika.

Injini mbili za kwanza zilitoka kiwandani mwaka 1909 zikapelekwa Tasmania. Lakini Garratt hakuyafaidi matunda yake kwa muda mrefu. Alifariki Septemba 1913 akiwa na miaka 49, wakati injini za aina yake zilikuwa bado chache. Baada yake Beyer Peacock iliunda zaidi ya 1,000, zikaenda Afrika, Asia, Australia na Amerika Kusini.

Katika reli ya Kenya na Uganda zilifika mwaka 1926. Baada ya Vita Kuu ya Pili shehena ilirundikana Mombasa kiasi kwamba reli ilishindwa kuiondoa. Ndipo Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipoagiza injini 34 za daraja la 59, zilizoundwa mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hakuna injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda iliyopata kufanya kazi kwenye reli ya upana wa mita moja. Moja tu iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, hayo ni malori 40 ya tani 30 kila moja.

Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5905 iliitwa Muhavura, mlima uleule tunaouona mpakani kati ya Rwanda na Uganda. Kufikia mwaka 1980 zote zilikuwa zimepisha dizeli. Mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli Nairobi, na mojawapo, Mount Gelai, ilifufuliwa ikavuta tena abiria katika miaka ya 2000.

Kwingineko kazi ya Garratt haijazimika. Huko Wales, kati ya Caernarfon na Porthmadog, injini za aina yake zilizowahi kutumika Afrika Kusini bado zinapandisha abiria kwenye milima ya Snowdonia, katika njia ya kilomita 40.

Barabara zetu, madaraja yetu na reli zetu haziwezi kujengwa upya kila mzigo unapoongezeka, maana fedha hazipo. Garratt aliikubali njia kama ilivyokuwa, akaugawa uzito ili njia hiyo iuhimili. Wenye kupanga usafirishaji wa kanda hii, na sisi tunaopanga mizigo mpakani, bado tuna cha kujifunza kwake.