Mtoto Aliyepigwa kwa Sababu ya Kuchora

Wengi wenu mmekwisha kuona picha ya sanamu ile ya Bikira Maria akiwa amempakata Mwanawe aliyeshushwa Msalabani. Aliyeichonga, Michelangelo Buonarroti, alikuwa angali kijana. Leo twapenda kusimulia utoto wake, maana humo wazazi wana la kujifunza.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1475 huko Caprese, nchini Italia. Alipokuwa mchanga alinyonyeshwa na mke wa mchonga mawe katika kijiji cha Settignano, karibu na mji wa Firenze. Alipokuwa mtu mzima alizoea kutania kwamba nyundo na patasi alizinyonya pamoja na maziwa. Mama yake mzazi alifariki mtoto akiwa na miaka 6 tu.

Baba yake, Lodovico, alimpeleka shuleni ajifunze sarufi. Lakini kila alipopata nafasi mtoto alichora. Rafiki yake Francesco Granacci, aliyemzidi umri, alimletea michoro ya kuiga. Wakati mmoja aliiga picha ya Mtakatifu Antonio akishambuliwa na mashetani. Na ili awapake mashetani rangi zilizo kama za kweli, alikwenda sokoni kuchungua magamba na macho ya samaki.

Nyumbani hawakufurahi. Ukoo wao ulikuwa na jina kubwa na mali kidogo, nao waliona kazi ya mikono kuwa ni aibu. Wale walioandika maisha yake wakati angali hai wanasimulia kwamba baba na jamaa zake walimpiga mara nyingi. Hakuacha. Hatimaye baba alikubali, na mwaka 1488 mtoto huyo wa miaka 13 akawekwa kwa fundi Domenico Ghirlandaio.

Mtoto yule ndiye aliyepamba dari la Kikanisa cha Sistina huko Vatikano, kati ya mwaka 1508 na 1512. Katika uzee wake alisimamia ujenzi wa Basilika la Mtakatifu Petro, akakataa mshahara, akiifanya kazi hiyo kwa ajili ya Mungu. Alifariki Roma tarehe 18 Februari 1564. Na baba yule aliyeona aibu alitunzwa miaka mingi kwa fedha iliyopatikana kwa mikono ile ile iliyochora.

Wazee wetu husema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli; lakini kukunja si kuvunja. Hatusemi kwamba mtoto aachwe asisome, wala kwamba kila achoraye atakuwa Michelangelo. Twasema kwamba kipaji ni mali ya Mwenyezi Mungu, na mzazi ni mtunzaji tu, naye ataulizwa hesabu yake. Basi, baba akimkuta mwanawe anachora kwa mkaa ukutani, na amwonye kwa ajili ya ukuta, kisha ampe karatasi.