Ehrenberg, daktari aliyesoma vumbi la jangwa

Vumbi likituwama juu ya kabati tunalipangusa na kulisahau. Christian Gottfried Ehrenberg alilitia chini ya hadubini.

Alizaliwa Delitzsch, Ujerumani, mwaka 1795. Alianza na masomo ya dini, kisha akageukia udaktari. Mwaka 1820 yeye na rafikiye Wilhelm Hemprich walishika njia kwenda Misri, wakazunguka majangwa na mwambao wa Bahari ya Shamu wakikusanya mimea, wanyama na matumbawe. Juni 1825 Hemprich alifariki kwa homa huko Massawa, bandari ya Eritrea ya leo. Ehrenberg alirudi Berlin bila mwenzake.

Huko akawa bingwa wa viumbe wasioonekana kwa macho. Hata jina bakteria linatokana na neno alilolibuni yeye.

Januari 1832, merikebu ya Charles Darwin ilifika visiwa vya Cape Verde na kukuta hewa imejaa vumbi laini la kahawia. Vumbi hilo huumiza macho ya mabaharia na kuwafichia nchi kavu, hata vyombo vikapanda mwamba. Darwin alikusanya kiasi, na baadaye akampelekea Ehrenberg vifurushi 5. Ndani yake Ehrenberg alikuta aina 67 za maumbo ya viumbe, na vijiumbe waliokuwamo karibu wote walikuwa wa maji matamu.

Hapo ndipo alipoteleza. Aliona baadhi yao ni wa Amerika Kusini, na rangi ya vumbi haikufanana na mchanga wa Sahara alioujua. Akakataa kwamba limetoka Afrika. Darwin aliamini limetoka Afrika, na setilaiti zimempa haki. Chimbuko moja kubwa la vumbi la Sahara ni Bodélé, nchini Chad, sakafu ya ziwa lililokauka. Vumbi la sakafu kama hiyo huweza kubeba vijiumbe wa maji matamu.

Ehrenberg alifariki 1876, lakini vifurushi vyake vilibaki Berlin. Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza kwamba bado vina bakteria na kuvu walio hai.

Leo vumbi la jangwa linapimwa na kutabiriwa kila siku, kwa sababu chembe zake huingia mapafuni. Ehrenberg alikosea jibu, lakini aliweka ushahidi, na waliokuja nyuma wakamsahihisha. Je, sisi wa pwani, nani anatuwekea kumbukumbu ya hewa tunayoivuta?