Edward Coke: jaji aliyemkatalia mfalme

Mzazi ambaye mwanawe amechukuliwa usiku na hajulikani aliko hukimbilia mahakamani kuomba jambo moja: aliyemshika amlete mbele ya jaji, na aseme amemshika kwa kosa gani. Haki hiyo ilipiganiwa kwa karne nyingi. Miongoni mwa walioipigania yumo Edward Coke, wakili wa Uingereza ambaye mwanzoni alikuwa upande wa pili.

Coke alizaliwa mwaka 1552 katika jimbo la Norfolk, mwana wa wakili. Alisoma Cambridge, akawa Spika wa Bunge mwaka 1593, na mwaka uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katika cheo hicho hakuwa na huruma. Mwaka 1603 alimshtaki Walter Raleigh kwa uhaini, akamtukana hadharani, na shahidi mkuu hakuletwa mahakamani akabiliane naye. Raleigh alitiwa gerezani katika ngome ya Tower, London.

Mwaka 1606 Coke akawa jaji, na hapo ndipo alipoanza kubadilika. Mfalme James alidai kwamba anaweza kukata kesi mwenyewe. Coke akamjibu kwamba sheria ni elimu inayohitaji miaka ya kusomewa, na kwamba hata mfalme yuko chini ya Mungu na chini ya sheria. Mfalme alighadhibika sana.

Mwaka 1616 majaji 12 waliulizwa kama watasimamisha kesi mfalme akiwaamuru. Kumi na mmoja walikubali. Coke peke yake alisema atafanya linalompasa jaji kufanya. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefutwa kazi.

Hakuwa malaika. Mwaka 1617, akitaka kurudi katika fadhila za mfalme, alimwoza bintiye Frances kwa nguvu kwa ndugu ya kipenzi wa mfalme, ilhali binti na mamake hawakuridhia.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwishoni mwa 1621, akiwa mbunge mwenye umri wa miaka 69, Coke alitetea uhuru wa Bunge na mfalme akamfunga katika ngome ile ile ya Tower. Alikaa humo miezi kadhaa.

Alipotoka hakunyamaza. Mwaka 1627 mfalme mpya, Charles, aliwafunga watu waliokataa kumkopesha fedha kwa lazima, na majaji wakakataa kuwaachilia, ingawa hakuna kosa lililotajwa. Mwaka uliofuata Coke, akiwa na miaka 76, aliongoza Bunge kuandika Ombi la Haki: asifungwe mtu bila sababu kutajwa, wala isitozwe kodi bila idhini ya Bunge. Charles alilikubali shingo upande.

Coke alifariki mwaka 1634. Akiwa kitandani anakata roho, watu wa mfalme waliingia nyumbani kwake wakachukua karatasi zake. Miaka saba baadaye Bunge liliamuru vitabu vyake vichapishwe, na vikasomwa na mawakili kwa vizazi.

Sheria ya Kenya imerithi mengi kutoka huko. Kifungu cha 25 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema haki ya kuletwa mbele ya mahakama haiwezi kuwekewa mipaka. Asiyejua ina thamani gani na amuulize mzazi yule.