Maisha ya C.M.G. Argwings-Kodhek, Wakili wa Kwanza Mwafrika Nchini Kenya

Aingiaye leo katika mahakama za Kisii au Nyamira hashangai kumwona wakili Mwafrika amesimama akimtetea mteja wake. Jambo hili limezoeleka mno, hata ni vigumu kukumbuka kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini hapakuwa na wakili Mwafrika aliyefanya kazi hiyo Kenya nzima. Mgusii aliyekuwa na kesi ya ng'ombe wa mahari au ya mpaka wa shamba aliipeleka katika ritongo, yaani baraza la wazee lililotambuliwa na serikali, na mabaraza ya namna hiyo hayakuwaruhusu mawakili kuingia. Aliyeshtakiwa kwa kosa la kuua alifikishwa mbele ya jaji Mzungu, na wakili wake alikuwa Mzungu au Mhindi. Aliyeivunja desturi hiyo alitoka katika mkoa huo huo wa Nyanza, ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Winam.

Argwings-Kodhek alizaliwa Gem mwaka 1923. Alisomea ualimu Makerere, na kwa muda akawa mwalimu. Mwaka 1947 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza kusomea masomo ya jamii. Ufadhili wa sheria haukuwa rahisi kwa Mwafrika kuupata, kwani serikali ya kikoloni ilipendelea kusomesha walimu na matabibu. Mwanasheria alionekana kuwa mwanasiasa anayenoa makali yake kwa gharama ya serikali (na dhana hiyo, kwa kweli, haikuwa mbali na ukweli). Alipofika Wales, kijana huyo aliyaacha masomo aliyotumwa kuyafuata akashika sheria, kisha akapokelewa katika chama cha mawakili cha Lincoln's Inn, London.

Alirejea nyumbani mwaka 1952 akiwa na shahada, joho na mke wa Kiairishi. Mambo hayo matatu yalikuwa mzigo. Makazi ya Nairobi yaligawanywa kwa rangi, hivyo palikuwa na shida ya kupata mtaa ambao mume na mke wale wangeweza kuishi pamoja bila kusumbuliwa. Katika afisi ya Mwanasheria Mkuu aliahidiwa mshahara mdogo kuliko ule wa Mzungu mwenye sifa na kazi kama zake. Alikataa, akafungua afisi yake mwenyewe.

Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa. Kuanzia hapo sheria ilibadilika kwa kasi ya kutisha. Kusimamia kiapo cha Mau Mau, kupatikana na bunduki au hata risasi moja, na kuandamana na wenye silaha, yote yalikuja kuwa makosa ya kunyongwa. Mahakama maalumu zilianzishwa ili kesi ziende upesi. Waliohukumiwa na kunyongwa kwa makosa yaliyohusiana na Mau Mau walifikia watu 1,090. Wengine kwa makumi ya maelfu walitiwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya jaji yeyote, na huko wakili hakuwa na la kufanya.

Hapo ndipo Argwings-Kodhek alipoingia, na hapo ndipo penye uzito wa maisha yake. Aliwatetea washtakiwa wa Mau Mau, na mara nyingi hakulipwa chochote. Yafaa kuitafakari hali ya mahakama zile. Jaji alisema Kiingereza, mshtakiwa alisema Kigikuyu, na baina yao alisimama mkalimani ambaye neno lake moja lingeweza kumponya mtu au kumtia kitanzi. Wakili mwenyewe alikuwa Mjaluo. Hakuwa na lugha ya mama ya pamoja na wale aliowatetea, wala hakuwa wa ukoo wao. Walowezi walimbandika jina la wakili wa Mau Mau wakikusudia kumtusi, lakini Waafrika wa Nairobi waliligeuza likawa sifa. Silaha yake ilikuwa ile ile sheria ya Mwingereza: kudai ushahidi na kumhoji shahidi wa serikali hadharani. Wengi wa aina ya wateja wake walinyongwa hata hivyo. Utetezi wake, hata hivyo, uliwalazimisha waliotaka kunyonga kwanza kueleza sababu.

Aliingia pia katika siasa. Serikali iliporuhusu vyama vya Waafrika vya wilaya mwaka 1955, yeye alitaka chama cha taifa zima. Akakataliwa, akalazimika kukisajili kama chama cha Wilaya ya Nairobi. Katika uchaguzi wa Machi 1957 alishindwa na Tom Mboya kwa kura chache. Mboya alikuwa na vyama vya wafanyakazi nyuma yake. Wakili alikuwa na jina tu. Aliwahi pia kusimamishwa uwakili kwa muda. Majina yake ya Kizungu aliyaacha, na herufi C.M.G. akazipa maana mpya kwa Kijaluo: Chiedo More Gem.

Kufikia wakati huo mlango ulikuwa umeshafunguka. Waafrika wengine walirudi na joho, miongoni mwao James Nyamweya wa Kisii, ambaye naye aliishia kuwa waziri katika serikali ya Kenyatta. Argwings-Kodhek alichaguliwa kuwa mbunge wa Gem mwaka 1963, akapanda hadi kuwa waziri.

Usiku wa tarehe 29 Januari 1969 alifariki katika barabara ya Hurlingham, Nairobi, kabla ya kutimiza miaka hamsini. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Wengi Nyanza hawakuliamini neno hilo. Mwezi Mei kiti chake cha Gem kilichukuliwa na Wasonga Sijeyo wa chama cha upinzani cha KPU. Mnamo tarehe 5 Julai mpinzani wake wa mwaka 1957, Tom Mboya, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Barabara ile ya Hurlingham ilipewa jina la Argwings Kodhek, na ndilo inaloitwa hadi leo.