Siti binti Saad: Maisha Yake na Sauti Iliyobaki Katika Santuri

Utangulizi

Historia ya ushairi wa Kiswahili ina watunzi wengi ambao kazi zao zimetufikia kwa njia ya maandishi. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate husomwa leo kwa sababu tungo zao ziliandikwa na kutunzwa. Siti binti Saad ana mahali pa pekee katika orodha hiyo. Hakupata elimu ya shule, wala hakuacha diwani. Kazi yake ilihifadhiwa kwa njia ambayo Muyaka hakuijua: ilichorwa kwenye nta, ikachapwa katika sahani za santuri, kisha ikauzwa madukani. Makala haya yanaeleza maisha ya Siti kwa kuzingatia santuri hizo. Yanashikilia kwamba santuri zilimpandisha Siti daraja, yeye pamoja na lugha aliyoiimbia, lakini zilihifadhi sehemu ndogo tu ya sanaa yake. Mtafiti asiyelizingatia jambo hili la pili atakuwa amemjua Siti nusu.

Kuzaliwa na Malezi

Siti alizaliwa mnamo mwaka wa 1880 hivi katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mama yake alikuwa Mzigua. Wote wawili walikuwa watu wa bara walioishi Unguja katika hali ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina hilo lilimweleza kila aliyelisikia ni nani aliyezaliwa na alitarajiwa kukaa wapi katika jamii.

Fumba ilisifika kwa ufinyanzi, kazi iliyofanywa na wanawake. Siti alijifunza kufinyanga vyungu na mitungi, akawa akivipeleka mjini kuviuza. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akinadi bidhaa zake njiani sauti yake ilisikika mbali, na watu waliitambua kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka wa 1897, alipokuwa msichana mkubwa, sheria iliondoa hadhi ya utumwa katika Unguja. Hata hivyo, sheria haikuondoa dharau. Aliyezaliwa na wazazi watumwa aliendelea kutazamwa kwa asili yake, si kwa uwezo wake.

Kuingia Mjini

Mnamo mwaka wa 1911 Siti alihamia mjini, akaishi Ng'ambo, upande wa pili wa hori uliotenganishwa na Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe. Ng'ambo ndiko walikoishi watu wengi wa asili ya utumwa pamoja na wahamiaji kutoka bara na visiwa jirani. Huko ndiko alikokutana na mwanamuziki mmoja wa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambaye alivutiwa na sauti yake akamfundisha misingi ya muziki na uimbaji wa Kiarabu.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, inafaa kukumbuka hali ya taarab wakati huo. Muziki huu uliingizwa katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kwa mfano wa muziki wa Misri. Kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka wa 1905 na wanaume wa tabaka la juu. Nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu, lugha ambayo wasikilizaji wengi waliiheshimu bila kuielewa. Siti alijifunza nyimbo hizo, lakini hakuishia hapo. Aliimba taarab kwa Kiswahili, mbele ya watu wa kila daraja, kwenye baraza za Ng'ambo na katika majumba ya wakubwa, likiwemo jumba la Sultani. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata mjini, na likalifunika lile jina la Mtumwa.

Kupanda kwake hakukukosa wapinzani. Waliomwonea kijicho walimtungia wimbo wa kejeli uliomkumbusha kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, na kwamba bila sauti asingekuwa na chakula. Siti alijibu kwa wimbo pia. Alisema kwamba sura nzuri na nasaba hazimtoshi mtu ikiwa amekosa akili. Majibizano haya ni mfano mzuri wa malumbano ya kishairi ambayo mwanafunzi wa fasihi huyasoma kwa Muyaka. Tofauti ni kwamba hapa anayetetewa ni binti wa watumwa, na anayemtetea ni yeye mwenyewe.

Safari ya Bombay

Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi kwa ajili ya kampuni iliyouza santuri kwa chapa ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Kwa hatua hiyo Siti akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwa Kiswahili. Kundi lake lilikuwa na wapigaji na waimbaji mahiri, wakiwemo Maalim Shaaban, Subeti bin Ambar aliyepiga udi, na Mbaruku Talsam wa Mombasa, ambaye baadaye alirekodi pia kwa jina lake mwenyewe.

Kampuni ilikuwa na lengo la biashara. Sahani za Kiarabu na za Kihindi zilikuwa tayari na wanunuzi katika pwani, na ilitaka kujua kama Kiswahili nacho kingeuza gramafoni. Jibu lilipatikana upesi. Hesabu inayotajwa mara nyingi na wanahistoria ni sahani 72,000 zilizokuwa zimeuzwa kufikia mwaka wa 1931. Makampuni mengine ya Ulaya yakaingia katika ushindani huo. Mtu asiyemiliki gramafoni aliweza kuisikia mkahawani, na wimbo uliotungwa Ng'ambo ukajulikana na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja.

Mwaka huo wa 1928 una umuhimu mwingine kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mwezi wa Juni mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka wa 1930. Matukio haya mawili hayakupangwa pamoja, na haifai kudai kwamba moja lilizaa lingine. Lakini yanafaa kutazamwa kwa pamoja. Wakati maafisa na wamisionari walipokuwa wakiamua Kiswahili kipi kiandikwe vitabuni, watu wa kawaida walikuwa wakianza kukisikia Kiunguja kwenye santuri, kutoka kinywani mwa mwanamke asiyeshirikishwa katika mkutano wowote.

Nyimbo na Jamii

Siti aliimba mapenzi kama waimbaji wengine wa taarab, lakini aliimba pia mambo yaliyotokea mtaani na mahakamani. Wimbo wake unaojulikana zaidi wa aina hiyo ni ule wa Kijiti. Unahusu mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam kuitembelea Unguja akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Muuaji alitoroka akavuka kwenda bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliopatwa na adhabu. Wimbo unamtaja mkosaji kwa jina na kuwaonyesha wasikilizaji kwamba haki imekwenda upande. Maskini wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti lao, na wanawake hawakuwa na kiti mahakamani. Wimbo ulifanya kazi ya vyote viwili.

Ni wazi kwamba nyimbo za namna hii zilipata nguvu mpya zilipoingia katika santuri. Uvumi hubadilika kila unapopokewa na mtu mwingine, lakini sahani husema maneno yale yale kila inapopigwa. Jina la Kijiti lilibaki katika aibu miaka mingi baada ya faili la kesi kufungwa.

Dakika Tatu za Sahani

Hata hivyo, santuri ilikuwa na masharti yake. Sahani ya wakati huo ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande mmoja wa sahani ya kawaida ulibeba muziki wa dakika tatu au zaidi kidogo. Taarab ya barazani haikujua mpaka huo. Wimbo uliendelea kwa kadiri wasikilizaji walivyotaka. Ubeti uliopendwa ulirudiwa, mtu aliyeguswa na maneno aliinuka kumtunza mwimbaji, na mwimbaji aliweza kuelekeza mshororo kwa mtu aliyeketi mbele yake. Fidla, ala ya Ulaya iliyochukua nafasi ya kamanja katika muziki wa Misri kabla ya kufika Unguja, iliifuata sauti, ikaijibu na kujaza nafasi mwimbaji alipopumua. Katika chumba cha kurekodia hapakuwa na hadhira wala usiku mrefu, na ilimlazimu Siti achague beti zipi ziingie na zipi ziachwe.

Ulinganisho na muziki wa Ulaya unasaidia kulifafanua jambo hili. Mwaka wa 1932 kampuni iliyorekodi chini ya chapa ile ile ilimrekodi London kijana Yehudi Menuhin, mpigaji fidla hodari aliyekuwa na umri wa miaka 16, akipiga tungo ndefu ya Edward Elgar huku Elgar mwenyewe akiongoza okestra. Tungo hiyo ya dakika 50 hivi ilikatwa vipande ikasambazwa katika sahani kadhaa. Rekodi ile inasifiwa hadi leo. Lakini hata kama sahani zote zingevunjika, tungo ya Elgar ingebaki, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa noti na kuchapishwa. Kwa Menuhin rekodi ilikuwa ufasiri mmoja wa matini iliyokuwapo tayari. Kwa Siti, ambaye muziki wake haukuandikwa kwa noti, rekodi ndiyo imekuwa matini. Kilichoachwa nje ya zile dakika tatu kilibaki katika kumbukumbu za waliohudhuria, na watu hao wamekufa.

Suala hili si la pwani peke yake. Katika Ukambani, Kathonzweni ya Makueni ikiwemo, ngoma ya kilumi huchezwa kwa ajili ya kuomba mvua na kutuliza pepo, na wanawake wazee ndio nguzo yake. Mtu aliyeisikia anajua kwamba maneno ya wimbo hayatengani na mdundo, miguu na itikio la waliozunguka uwanja. Akiletewa maneno hayo kwenye karatasi, au kipande kifupi kilichorekodiwa, ataona mara moja kilichopungua. Mwanafunzi wa Kathonzweni ambaye hajawahi kuiona baraza ya Ng'ambo anaweza kuielewa hasara ya nyimbo za Siti kwa kupima na kilumi anachokijua.

Miaka ya Mwisho na Urithi

Mdororo wa uchumi wa dunia katika miaka ya 1930 uliipunguza biashara ya santuri, na kipindi kile cha kurekodi kwa wingi kikapita. Siti aliendelea kuishi Unguja akiheshimiwa kama mwalimu wa waimbaji. Siku za mwisho za maisha yake alizungumza na Shaaban Robert, ambaye aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichochapishwa katika miaka ya 1950. Shaaban Robert alimtazama Siti kama kielelezo cha utu, mtu aliyeonyesha kwamba heshima hupatikana kwa juhudi na tabia badala ya nasaba. Kwa wasomaji wengi wa Kenya na Tanzania kitabu hicho, si santuri, ndicho kilichowafahamisha juu yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Urithi wake umeonekana katika nyanja kadhaa. Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, alimtaja Siti kama chemchemi ya uimbaji wake. Mwaka wa 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilianzisha jarida lililoitwa Sauti ya Siti. Waandishi hao walitambua kwamba kazi ya kusema mabaya yanayowapata wanawake ilikuwa imeanzwa na mwimbaji wa Kijiti miaka sitini kabla yao.

Hitimisho

Maisha ya Siti binti Saad yanaonyesha jinsi chombo cha biashara kilivyoweza kumpa binti wa watumwa hadhira ambayo jamii yake isingempa. Yanaonyesha pia kwamba chombo hicho hicho kilikata, kikachagua na kuacha. Kwa hiyo ni kosa kuzichukua beti zilizonakiliwa kutoka santuri na kuzichambua kana kwamba ndizo wimbo mzima. Mchambuzi anapaswa kuuliza kila mara nani alirekodi, kwa lengo gani, kwa muda gani, na hadhira ilikuwa wapi.

Maswali hayo yanamhusu pia mtafiti wa leo wa fasihi simulizi, awe Fumba au Kathonzweni. Yeye habanwi na dakika tatu za sahani. Anaweza kurekodi utendaji tangu mwanzo hadi mwisho, hadhira ikiwemo, na kuandika majina ya watendaji, mahali na tarehe. Wazee wanaozijua nyimbo za kilumi wanazidi kupungua. Nusu ya sanaa ya Siti haiwezi kurudishwa, lakini ya wazee hao bado inaweza kuhifadhiwa yote, mradi kazi ianze wangali hai.