Maisha ya Bi Rachel Carson, Aliyeuliza Habari za Sumu Katika Chakula

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule hii, kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kupangusa nyanya. Mama yangu aliuza nyanya, lengalenga na kabichi sokoni Ngagara, mtaa wa kaskazini ya Bujumbura ambao wazee walizoea kuuita OCAF. Kabichi zilishuka kwa gari kutoka mlimani Bugarama, na nyanya zilitoka uwanda wa Imbo. Nyanya hizo zilifika zimepakaa unga mweupe, nami nilipewa kitambaa nizipanguse mpaka zing'ae, kwa kuwa mnunuzi akiuona ule unga huenda kwenye meza nyingine. Sikujiuliza unga ule ni kitu gani. Nilijua tu kwamba nyanya inayong'aa hununuliwa upesi.

Siku moja mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alitusimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani aliyefariki zamani. Tangu siku ile sikupangusa nyanya kwa moyo mweupe tena. Kwa hiyo nimeona yafaa niwasimulie na ninyi habari zake.

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 karibu na mji wa Springdale, katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Mama yake alimtembeza msituni, akamfundisha kuwatambua ndege na wadudu. Mwezi wa Septemba 1918, akiwa na miaka 11, hadithi yake ya kwanza ilichapwa katika gazeti la watoto liitwalo St. Nicholas. Nawaomba wenzangu mlioko darasani mliangalie jambo hili: yeye naye alianza kwa kuandika katika gazeti la vijana, kama hili letu.

Alipoingia chuo cha wanawake mjini Pittsburgh alikusudia kusoma lugha ili awe mwandishi. Lakini mwalimu wake wa elimu ya viumbe alimvuta sana, akabadili masomo. Alidhani ameiacha kalamu kabisa. Kumbe ndipo alipopata jambo la kuandika. Alimaliza chuo mwaka 1929, na kiangazi cha mwaka huo akaiona bahari kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 22. Mwaka 1932 alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Baba yake akafa mwaka 1935, na mwaka 1937 dada yake naye akafa, akiacha watoto wawili wa kike. Mzigo wa nyumba ukawa juu yake. Alikuwa amekwisha kupata kazi katika idara ya serikali ya mambo ya samaki, na usiku, kazi ya ofisi ikiisha, aliandika vitabu vya habari za bahari. Kitabu chake cha mwaka 1951, The Sea Around Us, kilipendwa sana, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali apate kuandika tu.

Sasa tuje kwenye sumu. Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba DDT huua wadudu. Katika Vita vya Pili vya Dunia dawa hiyo iliua chawa waletao homa na mbu waletao malaria, ikaokoa watu wengi, na mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel. Baada ya vita dawa hiyo na nduguze zikamwagwa mashambani, hata kwa ndege. Tangu 1945 Bi Carson alitaka kuandika habari ya DDT, lakini gazeti kubwa aliloliomba lilikataa. Kisha, mwaka 1958, akapata habari kutoka kwa rafiki yake wa Massachusetts kwamba baada ya ndege kunyunyiza dawa ya mbu, ndege wa bustanini kwake walikuwa wamelala chini wamekufa. Hapo akaona hawezi kunyamaza.

Alifanya kazi miaka minne, akikusanya maandishi ya wataalamu mmoja mmoja. Aliyoyapata ni haya. DDT haiyeyuki vema katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo ikiingia mwilini hukaa katika mafuta ya mwili, haitoki upesi. Yeye alitoa mfano wa ziwa liitwalo Clear Lake, huko California, lililotiwa DDD, dawa ya ukoo mmoja na DDT, ili kuua visubi. Dawa iliyotiwa majini ilikuwa kidogo mno. Lakini viumbe vidogo sana vya majini viliinywa, samaki wadogo wakala viumbe hivyo, samaki wakubwa wakala wadogo, na ndege wakala samaki. Mafuta ya ndege waliokufa yalipopimwa, yalionekana kuwa na sehemu 1,600 za dawa katika kila sehemu milioni. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Na sumu nayo hujaza kibaba hivyo hivyo.

Alipokuwa bado anaandika, lilitokea jambo ambalo kila muuza mboga yafaa alijue. Tarehe 9 Novemba 1959, muda mfupi kabla ya sikukuu ya Shukrani, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya vitunda vyekundu viitwavyo kranberi vilikuwa na masalio ya dawa ya magugu. Dawa hiyo, aminotriazoli, ilikuwa imewapa panya uvimbe wa saratani katika tezi la shingo. Sheria iliruhusu itumiwe baada ya mavuno tu, lakini wakulima wengine walikuwa wameitumia mapema. Basi watu wakaviacha vitunda vyote madukani. Serikali ilipovipima shehena kwa shehena, sehemu kubwa ilikuwa safi. Lakini mnunuzi angejuaje? Haraka ya wachache iliwatia hasara hata wale walioshika sheria, kwa sababu sokoni vitunda vya mwaminifu na vya mdanganyifu hufanana.

Mwaka 1960 Bi Carson mwenyewe alipatikana na saratani ya titi, akapasuliwa. Alificha ugonjwa wake, asije mtu akasema ameandika kwa uchungu wa maradhi yake. Wakati mwingine hakuweza kutembea, wala macho hayakuweza kusoma. Hata hivyo alimaliza, na tarehe 27 Septemba 1962 kitabu kikatoka. Kinaitwa Silent Spring, yaani majira ya kuchipua yasiyo na sauti ya ndege. Kwetu tungesema mvua zimenyesha, miti imechanua, lakini alfajiri hakuna ndege aliaye.

Watengenezaji wa dawa walimpiga vita. Kampuni moja ilimwandikia mchapishaji wake kabla kitabu hakijatoka, ikimtaka afikiri tena. Wengine walisema anataka kuirudisha dunia katika njaa. Yeye hakusema dawa zote zitupwe. Alisema zisitiwe mikononi mwa watu wasiozijua, na kwamba mtu anayezivumilia mwilini ana haki ya kuambiwa. Rais Kennedy aliwaagiza wataalamu wake walichunguze jambo hilo, na taarifa yao ya Mei 1963 ilimuunga mkono. Tarehe 4 Juni 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Senati. Wachache walijua kuwa aliyekuwa akisema ni mgonjwa sana. Alifariki tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56.

Mwaka 1972 Marekani ilikataza DDT mashambani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2004, uliibana DDT duniani, lakini ukaacha nafasi itumiwe dhidi ya mbu wa malaria. Na mwaka ule ule 1963 alipotoa ushahidi, tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la chakula na lile la afya, ilikutana kwa mara ya kwanza. Tume hiyo huweka kipimo cha mwisho cha masalio ya dawa yanayoruhusiwa katika aina mbalimbali za vyakula.

Msiseme hayo ni ya Marekani. Mwaka 2002 wataalamu walichapisha uchunguzi wa samaki wa Ziwa Tanganyika waliovuliwa upande wetu wa Burundi, na katika mafuta ya samaki hao walikuta DDT.

Sasa nirudi Ngagara. Jumamosi moja, baada ya somo lile, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza kama nyanya zetu zimenyunyizwa dawa karibuni. Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nilimjibu kuwa zilikuja na unga na kwamba mimi ndiye niliyeupangusa. Akaondoka bila kununua. Mama yangu alikasirika sana, na alikuwa na haki, kwa kuwa karo yangu ilitoka katika nyanya zile.

Usiku nilimweleza habari za Bi Carson na za vile vitunda vyekundu. Hakusema neno. Lakini juma lililofuata aliwauliza wakulima wake dawa gani wametia na siku gani. Mmoja alijua jina la dawa na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mwingine alileta kichupa kisicho na karatasi yoyote, alichopimiwa dukani, naye alikuwa ameweka dawa Jumatano akavuna Ijumaa. Mama akaacha kununua kwake, ingawa bei yake ilikuwa nafuu. Msimu ule tuliuza kidogo, na karo yangu ililipwa kwa kuchelewa.

Wenzangu, kuosha nyanya kwa maji yanayotiririka na kuondoa majani ya nje ya kabichi ni vema, tufanye hivyo. Lakini ziko dawa zinazoingia ndani ya mmea, na hizo maji hayazifikii. Usafi wa chakula huanza shambani, kwa kipimo sahihi na kwa siku za kungoja, na huendelea kwa kila mtu anayekipokea kumwambia kweli anayefuata: mkulima amwambie mchuuzi, mchuuzi amwambie mnunuzi. Kitambaa changu kilikuwa kimekata mnyororo huo. Bi Carson aliuunga kwa kalamu, akiwa mgonjwa, na dunia kubwa ikimpinga. Mimi na ninyi twaweza kuuunga hata kwenye meza ya nyanya.