Bwana wa Lamu Aliyekusanya Ndege

Mwezi wa Novemba, vuli ikinyesha, nilifuatana na kikundi cha wapenzi wa ndege hadi bonde moja la majimaji huko Nyamira. Mimi mtu wa pwani, mzoefu wa kunguru na shakwe, nilikwenda kumridhisha mwenyeji wangu tu. Tulisimama kimya kando ya mafunjo tukitazama korongo taji wawili wakidonoa, na juu yao mbayuwayu waliokuja huku kuikimbia baridi ya Ulaya. Baadaye tuliketi chini ya mti, na mwalimu mmoja kijana akatuzungumzia maisha ya Sir Frederick Jackson. Nikatega sikio, maana bwana huyo alianzia kwetu.

Jackson alizaliwa Uingereza mwaka 1860. Mwaka 1884, enzi za Sayyid Barghash, aliwasili Lamu akafikia kwa Haggard, naibu wa balozi wa Kiingereza kisiwani pale. Alikuja kuwinda wanyama wakubwa, lakini ndege ndio waliomteka moyo.

Mwaka 1889 aliongoza msafara wa kampuni ya Waingereza kutoka Mombasa kwenda bara, pamoja na mamia ya wapagazi. Walipita nchi ya Sotik, ambayo leo inapakana na Nyamira, wakafika kwa Mumia. Kabaka Mwanga alikuwa amemwandikia barua kuomba msaada. Jackson akaenda zake mlima Elgon kutafuta pembe za ndovu na kukusanya ndege. Huku nyuma Mjerumani Karl Peters akafika kambini, akazifungua barua zile, akawahi Buganda kutia saini mkataba na Mwanga.

Alichorudi nacho Jackson ni shehena ya ndege waliochunwa, wakajazwa pamba na kufungwa vibandiko. Mwaka 1891 wataalamu wa London walimwita kwa jina lake ndege mmoja wa nyanda za juu, ambaye dume lake ni jeusi, lenye mkia mrefu, na hurukaruka majanini kuwavutia majike. Hata kinyonga mwenye pembe tatu anaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi, naye akapigwa risasi kwenye vita vya kilima cha Luba, Busoga. Alipona. Waswahili wengi walipigana upande wake siku ile, na wako waliozikwa huko huko.

Kuanzia mwaka 1907 alikuwa naibu wa gavana mjini Nairobi. Mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya, jeshi la serikali liliwashambulia Wakisii, likaua watu, likachoma nyumba na kuteka mifugo kwa maelfu. Sisemi kwamba Jackson ndiye aliyetoa amri; lakini serikali ilikuwa yake pia. Mwaka uliofuata kiliundwa Nairobi chama cha elimu ya viumbe, naye akawa rais wake wa kwanza. Chama hicho kipo hata leo, na matembezi yake ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege yalianza mwaka 1971.

Mwaka 1911 Jackson akawa Gavana wa Uganda, nchi ambayo bendera yake leo ina korongo taji. Alifariki mwaka 1929. Kitabu chake kikubwa cha ndege kilimaliziwa na Sclater, kikatoka mwaka 1938 katika majuzuu matatu.

Mwalimu alipomaliza, niliuliza majina ya wapagazi waliobeba masanduku yale, na ya waliochuna ndege wale. Hakuwa nayo. Nikamkumbuka Hud-hud, ndege mdogo aliyemletea Nabii Suleiman habari ambayo mfalme mwenyewe hakuwa nayo. Watu wetu walijua njia, maji na sauti za porini. Vibandiko vikaandikwa jina la bwana.

Bonde lile la Nyamira limezungukwa na mikaratusi inayofyonza maji, na mashamba yanazidi kuusogelea ukingo. Kabla hatujaondoka, vijana waliwahesabu ndege mmoja mmoja wakaandika daftarini. Nilichungulia ukurasa. Juu walikuwa wameandika tarehe, na chini yake majina yao wote, hata la mtoto aliyebeba chupa ya chai.